Kemia ya kaboni mezani pa wanne: vyuo vya ualimu kati ya Jinja na Mbale

Anayetoka Jinja kwenda Mbale kwa barabara ya Iganga na Tirinyi hupita katikati ya kemia ya kaboni bila kukanyaga maabara. Jinja kwenyewe, kiwanda cha Bidco husafisha mafuta ya mawese na kutengeneza sabuni. Ng'ambo ya Nile, Njeru, Nile Breweries huchachusha nafaka. Kilomita chache baada ya kuuacha mji yanaanza mashamba ya miwa ya Kakira, yenye kiwanda kilichofunguliwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, ambako molasi inayobaki baada ya sukari kutolewa hugeuzwa ethanoli. Mwisho wa safari, juu ya Mbale, miteremko ya Mlima Elgon imejaa buni ya arabika. Sukari, pombe, mafuta, sabuni na kafeini vyote ni kampaundi za kaboni, na vyote vinalisha watu wa mashariki mwa Uganda.

Hata hivyo, kemia hiyohiyo ikishaandikwa ubaoni huwa mada ambayo wanafunzi wengi huikimbia, wakiwemo wale wanaosomea ualimu wake. Wengi hufika chuoni wakiwa wamekariri majina na milinganyo, wakajibu mtihani, wakapata nafasi. Miaka miwili au mitatu baadaye wanatakiwa kusimama mbele ya darasa na kueleza kwa nini ethanoli huyeyuka majini ilhali ethini haiyeyuki kwa kiasi kama hicho, na hapo ndipo kukariri kunapowaacha mkono.

Kwa miaka kadhaa sasa, watafiti na wakufunzi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakilitazama jibu moja la tatizo hili: kujifunza kwa ushirika. Linapendwa kwa sababu halidai vifaa vya bei kubwa, na linaeleweka vibaya kwa sababu linaonekana rahisi mno. Mengi yanategemea jinsi linavyopangwa, na pa kuanzia kulipanga ni chuo cha ualimu, kabla ya shule.

Ugumu wa kemia ya kaboni una sababu zake. Mtaalamu wa elimu ya kemia Alex Johnstone wa Glasgow alieleza mwaka 1991 kwamba kemia hukaa katika ngazi tatu kwa wakati mmoja: kile kinachoonekana na kunuswa, chembe zisizoonekana, na alama za karatasini. Mwalimu aliyezoea huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kujijua. Anasema "pombe", anachora OH, anawaza molekuli zinazovutana. Mwanafunzi anabaki kwenye mchoro, na mchoro haumwambii kitu.

Mfano mmoja unatosha. Mpe mwanachuo fomula C4H10O na umwambie achore isoma zote za muundo. Jibu sahihi ni 7: alkoholi 4 na etha 3. Anayefanya peke yake mara nyingi huleta 9 au 10, kwa kuwa amechora mnyororo uleule mara mbili, mara umenyooka, mara umepinda, akadhani ni vitu viwili. Mwingine huleta 4, akiwa amezisahau etha. Wapo pia wanaochora kaboni yenye miungo mitano, kosa ambalo halionekani kwa macho ya aliyelifanya ila kwa macho ya jirani yake. Wape watu wanne udongo wa mfinyanzi na njiti za meno, waunde molekuli hizo na kuzigeuza mkononi, na mabishano yenyewe huanza kufundisha: huyu anasema hizi ni mbili, yule anazungusha njiti na kuonyesha kuwa ni moja.

Tofauti ndogo kati ya molekuli, kama ile ya methanoli na ethanoli, si mchezo wa karatasi tu. Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale na jirani zake, kusini-magharibi mwa Uganda, watu wapatao 80 walikufa baada ya kunywa waragi uliotiwa methanoli. Kaboni moja pungufu, na mwili unazalisha asidi ya methanoiki badala ya ethanoiki. Mwalimu anayeweza kuieleza habari hiyo hatua kwa hatua, kutoka alkoholi hadi aldehidi hadi asidi, amefundisha sura nzima ya kitabu na huenda ameokoa mtu kijijini.

Eneo hili lina historia ndefu ya kuwatayarisha walimu. Chuo cha Taifa cha Ualimu cha Kaliro, Busoga, kimetoa walimu wa sekondari wa ngazi ya stashahada, na mwongo uliopita serikali ya Ubelgiji ilifadhili ukarabati mkubwa wake na wa mwenzake wa Muni, pamoja na mafunzo ya wakufunzi katika mbinu shirikishi. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988 na kina kitivo cha elimu. Chuo cha zamani cha Nagongera, karibu na Tororo, sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema kilichoanzishwa 2007, na hapo hufunzwa walimu wa sayansi wa ngazi ya shahada. Kwa upande wa msingi kuna vyuo kama Wanyange, nje kidogo ya Jinja, na Nyondo, karibu na Mbale.

Mzigo uliowekwa juu ya vyuo hivi umekuwa ukiongezeka. Tangu katikati ya miaka ya 2000, fizikia, kemia na biolojia ni masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya chini. Mwaka 2005 ulianza mradi wa SESEMAT kwa msaada wa Japani, ukifuata nyayo za SMASSE ya Kenya ya mwaka 1998, ili kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati waliokwisha kuajiriwa. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inadai kila mwalimu awe na shahada. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi 4,000,000 kwa mwezi, na walimu wa masomo ya sanaa wakagoma kwa kuachwa nyuma.

Lililo kubwa kuliko yote ni mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020. Kikundi cha kwanza cha mtaala huo kilifanya UCE, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, mwaka 2024. Mtaala unamtaka mwanafunzi afanye miradi, ajadili, atatue tatizo la mazingira yake, na kazi zake za darasani zihesabiwe asilimia 20 ya alama za mwisho. Kwa maneno mengine, serikali imewaagiza walimu wafundishe kwa njia ambayo wengi wao hawakufundishwa nayo hata siku moja. Mwalimu kwa kawaida hufundisha alivyofundishwa. Mwanachuo akisikiliza mihadhara ya kemia ya kaboni mihula sita, kisha akapewa somo moja la nadharia kuhusu mbinu shirikishi, atakachokibeba kwenda nacho shuleni ni mhadhara.

Nini basi huufanya ushirika uwe ushirika? Ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Minnesota, David na Roger Johnson, waliotumia maisha yao kulichunguza jambo hili, walitaja nguzo tano. Ya kwanza ni kutegemeana: kazi ipangwe hivi kwamba mmoja hafaulu bila wenzake. Ya pili, kila mmoja awajibike kwa nafsi yake. Ya tatu, watu wasaidiane ana kwa ana, waelezane, waulizane. Ya nne, wafunzwe stadi za kusikilizana na kupingana kwa heshima. Ya tano, kundi likae chini mara kwa mara lijipime linavyofanya kazi.

Ukizipima "kazi za vikundi" za kawaida kwa nguzo hizo, nyingi huanguka kwenye mbili za mwanzo. Mkufunzi anatoa swali moja kwa watu wanane. Anayejua kemia anaandika, mwenye mwandiko mzuri ananakili, waliobaki wanaongeza majina na namba za usajili chini ya ukurasa. Wote wanapata 16 kati ya 20. Hakuna aliyemtegemea mwenzake isipokuwa wavivu, na hakuna aliyewajibika isipokuwa mmoja.

Watu wa Mbale wana mfano bora zaidi, nao ni wa tangu 1954, mwaka ulipoundwa Muungano wa Ushirika wa Bugisu. Mkulima wa kahawa wa miteremkoni hupeleka buni yake kwenye chama cha msingi, inapimwa kwenye mizani na kuandikwa kwa jina lake. Hakuna anayelipwa kwa kilo za jirani. Kisha buni ya wote huuzwa pamoja, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hawezi kuzungumza na kila mwenye miche mia. Kipimo cha mmoja, soko la wote: mambo hayo mawili yakikaa pamoja chama husimama, na moja likiondoka chama huyumba. Darasa la kemia nalo linahitaji mizani na soko.

Mbinu iliyothibitika kufaa kemia ya kaboni ni ile aliyoianzisha Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipoanza kuchanganya watoto wa rangi tofauti na uhasama ukapanda madarasani. Aliligawa somo vipande, kila mtoto akapewa kipande chake, na kikundi hakikuweza kulikamilisha bila kumsikiliza kila mmoja.

Hivi ndivyo inavyoweza kupangwa katika maabara ya chuo chenye wanachuo 60. Wanagawanywa katika vikundi vya nyumbani 15, vya watu wanne wanne, vikichanganya wenye nguvu na wanaosuasua, wanawake na wanaume. Katika kila kikundi mmoja anachukua alkoholi, wa pili aldehidi na ketoni, wa tatu asidi, wa nne esta. Kisha wenye mada moja hukutana mezani kwao kama mafundi wa mada hiyo, ikibidi katika meza tatu au nne kwa kila mada ili meza isijae.

Mafundi wa alkoholi wanapasha moto ethanoli pamoja na dikromati ya potasiamu yenye asidi na kuona rangi ya chungwa ikigeuka kijani, kisha wanarudia kwa alkoholi ya ngazi ya tatu na kuona rangi haibadiliki, na wanalazimika kueleza kwa nini. Wa aldehidi na ketoni wanatayarisha kitendanishi cha Tollens, wanaona fedha ikitanda kama kioo ndani ya mrija wenye ethanali, na propanoni ikibaki vilevile. Wa asidi wanaidondoshea kabonati ya sodiamu asidi ya ethanoiki na kuipitisha gesi inayotoka katika maji ya chokaa. Wa esta wanachanganya ethanoli na asidi hiyohiyo, wanatia matone machache ya asidi kali ya salfuriki, wanapasha moto, wanamimina katika maji na kunusa. Harufu ile ya matunda ni ya jamaa ya kampaundi zinazoipa ndizi ya bogoya iliyoiva harufu yake.

Kabla mafundi hawajatawanyika, mkufunzi hupita kila meza na kuisoma karatasi yao. Hatua hii haiachwi kamwe, maana kosa la meza moja likiachiwa litasambaa katika vikundi kadhaa. Ndipo kila mmoja anarudi nyumbani kuwafundisha wenzake watatu kwa dakika 10. Mwishoni kikundi kinapewa chupa nne zisizo na majina. Aliyekuwa fundi wa esta hawezi kuitambua aldehidi kama hakumsikiliza mwenzake, na kundi zima haliwezi kumaliza kama mmoja wao alilala.

Uzuri wa mpango huu kwa mada hii ni kwamba vipande vinne vyenyewe vimeshikana kikemia. Ethanoli ikioksidishwa huwa ethanali, ethanali huwa asidi ya ethanoiki, na asidi hiyo ikikutana na ethanoli huzaa esta. Ili kuchora njia nzima kutoka molasi ya Kakira hadi esta yenye harufu, kila fundi anamkabidhi mwenzake kampaundi yake. Swali la kubadilisha kampaundi moja kuwa nyingine, ambalo kwenye mitihani ya kidato cha sita ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, huwatoa jasho watahiniwa, linakuwa mazungumzo ya watu wanne.

Siku inayofuata mizani inatoka. Kila mwanachuo anafanya jaribio lake peke yake, kimya, juu ya mada zote nne. Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alipendekeza alama za kundi zitokane na jinsi kila mmoja alivyopanda kutoka wastani wake mwenyewe wa nyuma. Kwa hesabu hiyo, aliyetoka 35 hadi 50 analiletea kundi faida kubwa kuliko aliyebaki 80, na wenzake wanapata sababu ya kumkalisha chini jioni na kumweleza tena.

Je, ushahidi upo? Mwaka 2000 Craig Bowen alikusanya tafiti za kemia za sekondari na vyuo vikuu na kuonyesha kwamba mwanafunzi wa kati, akifundishwa kwa ushirika, husogea kutoka nafasi ya 50 hadi ya 64 katika kila watu 100. Huo si muujiza, lakini katika somo ambalo alama chache huamua nani afuzu, ni mwendo mzuri. Karibu na nyumbani, Sibomana, Karegeya na Sentongo walichapisha mwaka 2021 utafiti kutoka shule za kutwa za Rwanda, na waliofundishwa kemia kwa ushirika walifanya vizuri kuliko wenzao wa njia ya kawaida.

Mapingamizi yapo, na yana uzito. La kwanza ni muda. Somo la mafundi linalohitaji saa mbili haliingii katika kipindi cha dakika 60, na wiki za mwanzo huwa za polepole kwa kuwa wanachuo wanajifunza pia kukaa pamoja. Lakini muda huo mara nyingi hurudishwa mwishoni, pale ambapo mkufunzi hana haja ya kurudia mada nzima kabla ya mtihani.

La pili ni vipofu kuongozana. Watu wanne wasiojua wanaweza kukubaliana juu ya uongo kwa moyo mmoja. Kwa sababu hiyo yapo mambo ambayo mhadhara unabaki kuwa njia bora: mara ya kwanza kuonyesha jinsi mishale iliyopinda inavyofuatilia mwendo wa elektroni, kwa mfano, inahitaji mkono wa anayejua. Kikundi kinafaa baadaye, wakati wa kuitumia mishale hiyo kwenye mmenyuko mpya. Mkufunzi haondoki darasani. Kazi yake inahama kutoka ubaoni kwenda mezani, na kwa kweli inaongezeka.

La tatu linahusu nani anazungumza. Kundi likiachwa lenyewe, mwanamume mwenye sauti hushika chupa na mwanamke hushika kalamu. Dawa yake ni kugawa majukumu na kuyazungusha kila wiki: msimamizi, mpimaji, mwandishi, msemaji. Vivyo hivyo kwa lugha. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini mezani kunaweza kuwa na Msoga, Mgisu, Mgwere na Mteso, na maelezo ya mara ya kwanza mara nyingi hueleweka kwa lugha wanayoshirikiana. Mkufunzi mwenye busara huruhusu mjadala uende kwa lugha yoyote na kudai ripoti iandikwe kwa istilahi za mtihani.

Kuna pia hoja ya vifaa, na hapa ushirika unatoa nafuu ya wazi. Seti 15 za vitendanishi badala ya 60 ni akiba, na ni usalama pia. Kitendanishi cha Tollens hutayarishwa papo hapo na kumwagwa siku hiyohiyo, maana kikiwekwa kinaweza kulipuka. Dikromati ni sumu na taka zake hazimwagwi ovyo. Msimamizi mmoja wa usalama kwa kila meza, mwenye kuwajibika kwa hilo tu, ni msaada mkubwa kwa mkufunzi aliye peke yake.

Kwa mwalimu mtarajiwa faida inazidi ya mwanafunzi mwingine yeyote. Zile dakika 10 ambazo fundi wa asidi anawaeleza wenzake ndiyo kazi atakayoifanya maisha yake yote. Anapoulizwa "kwa nini?" na rafiki aliyekunja uso, anapata somo la ualimu ambalo mazoezi ya kufundisha ya wiki chache hayatoshi kulitoa. Na akipangiwa shule yenye wanafunzi 80 katika chumba kimoja na mirija kumi, atakuwa amekwisha kuona kwa macho yake jinsi darasa kubwa linavyoweza kugawanywa bila kugeuka vurugu.

Kinachobaki ni uamuzi wa vyuo vyenyewe. Alama za ushirika zikiwekwa pembeni kama mapambo huku kila kitu kikiamuliwa na mtihani wa kukariri wa mwisho wa muhula, wanachuo watasoma kwa ajili ya mtihani huo, na ni haki yao. Idara za kemia za Nagongera, Kaliro na Mbale zinaweza kuanza na mada moja, ile ya kampaundi za kaboni zenye oksijeni, kwa muhula mmoja: vipindi viwili viunganishwe, majaribio ya mtu mmoja mmoja yahesabiwe kwenye alama za mwaka, maendeleo ya kundi yapewe sehemu ndogo inayojulikana tangu siku ya kwanza, na wakufunzi wawili wakae darasa moja ili mmoja asimamie na mwingine asikilize yanayosemwa mezani. Matokeo ya majaribio hayo yakilinganishwa na ya mwaka uliotangulia, idara itaona ni mada gani nyingine inayostahili kupangwa hivyo, na ni ipi ibaki ubaoni.